Maziwa yamemwagika kwenye buti, harufu imegoma kutoka

SWALI: "Shikamoo fundi. Mimi nauza maziwa. Nayachukua Kibosho kila asubuhi na kuyashusha Moshi mjini kwa Toyota IST. Mwezi wa nne, barabara ikiwa tope tupu, dumu la lita 20 lilianguka kwenye buti na mfuniko ukafunguka. Nilipofika nilikuta limebaki nusu. Nikamwaga maji ya moto, nikasugua kwa sabuni ya unga, gari likashinda juani siku mbili. Harufu ikapotea kama wiki hivi, kisha ikarudi mbaya kuliko mwanzo. Nimetundika pafyumu tatu, sasa gari linanuka maziwa yaliyochacha na maua kwa pamoja. Halafu asubuhi nikiwasha AC ili kioo kisishike ukungu, inatoka harufu nyingine, kama soksi zilizoanikwa zisikauke. Jioni huwa narudi na watoto wa jirani kutoka shule, siku hizi wanaziba pua. Mume wangu anasema tuuze gari. Nifanyeje?" Msomaji, Moshi.

JIBU: Marahaba, mama. Gari usiliuze, angalau si sasa hivi: mnunuzi akifungua huo mlango saa saba mchana, bei inashuka kabla hajauliza limetembea kilomita ngapi. Harufu hiyo inatoka, na sehemu kubwa ya kazi utaifanya mwenyewe hapo nyumbani ukiwa na spana mbili tatu, maji ya kutosha na jua.

Kuna jambo umeliandika mwenyewe na ndilo la kuanza nalo. Harufu zako ni mbili, na hazina undugu. Moja inapanda mchana gari likipata joto. Hiyo ni ya maziwa. Nyingine inakuja asubuhi, dakika za mwanzo baada ya kuwasha AC, halafu inafifia. Hiyo ya pili haihusiani na dumu lako kabisa. Imo ndani ya mfumo wa AC, na pengine ilikuwepo kitambo, ila maziwa ndiyo yaliyokufanya uanze kunusanusa. Nakwambia mapema kwa sababu watu wengi husafisha moja, wakasikia nyingine bado ipo, wakasema dawa haifai, wakaanza upya na dawa kali zaidi.

Zinakutana kwenye jambo moja tu, nalo ni maji. Bakteria na koga havifanyi kazi pakavu. Maziwa ya unga yanakaa kabatini miezi na hayanuki. Tia maji, yaache mezani, kesho yake utayakimbia. Harufu yako ilipotea wiki moja kwa sababu juu palikauka, ikarudi kwa sababu chini palibaki pabichi. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza utumie dawa gani, jiulize ni wapi kwenye hilo gari bado kuna unyevu.

Tufuate hayo maziwa. Ulikuwa unashuka kutoka Kibosho, yaani gari lilikuwa limeinamisha pua, na kila ulipokanyaga breki maziwa yalikimbilia mbele. Yamepita chini ya siti ya nyuma na kushuka pale wanapoweka miguu abiria wa nyuma. Ulipofika mjini ukaegesha kwenye tambarare, yaliyobaki yakarudi nyuma na kushuka kwenye lile shimo la tairi la akiba. Wewe umesugua kapeti ya buti, ambayo ndiyo sehemu iliyopata maziwa kidogo kuliko zote. Kapeti iliyapitisha tu.

Nenda sasa hivi ukafungue buti. Inua kapeti, inua ule ubao ulio chini yake, fungua tairi la akiba ulitoe nje. Nadhani utakuta kwenye sakafu ya shimo utando wa manjano unaong'ang'ania bati kama jibini, upande wa chini wa ubao umeshika koga la kijani au jeusi, na maji machafu yametuama kwenye kona. Tazama pia kile kifuko cha jeki na spana. Kifuko hicho ni cha kitambaa, kinanyonya kama sponji, na sijui kwa nini hakuna mtu anayekumbuka kukifua. Gari zima linaweza kusafishwa vizuri kabisa halafu kifuko cha jeki kikaendelea kulinukisha peke yake.

Sasa kwa nini maji ya moto hayakusaidia. Maziwa yana sukari, mafuta na protini, na kila kimoja kinaharibika kwa namna yake. Sukari inageuka asidi, ndiyo ule uchachu wa kwanza, ambao kwa kweli hauudhi sana. Sote tunakunywa mtindi. Mafuta yakivunjika hutoa asidi nyingine, mojawapo inaitwa asidi ya butiriki, ambayo ndiyo harufu ya matapishi na ya siagi iliyoharibika. Pua ya binadamu inaishika hata ikiwa kidogo mno. Protini ikioza inaleta uvundo mzito zaidi. Maji ya moto yanapika protini ikashikamana na nyuzi za kapeti, na yanayeyusha mafuta yakazama chini zaidi. Sabuni ya unga nayo, isiposuuzwa ikaisha, inabaki kwenye nyuzi na kuvuta unyevu. Karibu kila mtu huanza na maji ya moto, kwa hiyo usijisikie vibaya, ila kuanzia leo maji yawe ya baridi.

Chagua siku ambayo mawingu hayajashuka mlimani na uanze asubuhi. Toa kila kitu kilicho kwenye buti na nyuma. Kalio la siti ya nyuma na migongo yake vimefungwa kwa bolti ambazo kwenye Toyota nyingi ni namba 14. Kama hujawahi kuzifungua, kijana yeyote wa gereji atakufungulia kwa muda mfupi, kaa naye uone bolti ipi imetoka wapi. Siti za mbele ziache. Chini yake kuna nyaya zenye soketi za njano, ni za mikoba ya hewa (airbag), na hizo hazichezewi na mtu asiyezijua. Kapeti ya nyuma utaweza kuiinua na kuikunja kuelekea mbele bila kutoa siti za mbele.

Ukiinua kapeti utaona chini yake kumebandikwa tabaka nene la pamba ngumu, kama blanketi kuukuu. Hilo ndilo adui yako. Linameza maji mengi kuliko unavyodhani, na juu yake kapeti inaweza kuwa kavu kabisa ukiigusa. Libane kati ya vidole viwili. Likitoa unyevu, au vidole vikinuka, umepata makao ya harufu. Kama kipande hicho kinatoka, kitoe. Kama kimeoza na kumeguka, usihangaike nacho, kikate ukitupe, kisha umwambie fundi siti akukatie kingine cha kipimo hichohicho. Kuna watu wanamwaga dawa za bei kwenye kipande cha pamba kilichooza miezi miwili. Mimi siungi mkono.

Vinavyotoka vitandaze nje, upande wa chini ukiwa juu, kisha vipige maji ya baridi kwa mpira kutoka nyuma ili maziwa yatoke kwa njia yaliyoingilia. Kandamiza kwa miguu, mwaga, rudia. Maji yatatoka meupe, baadaye kijivu, mwisho safi. Usiguse sabuni mpaka yawe safi. Kwa sehemu zisizotoka, mwagia maji kiasi na uyavute kwa ile mashine ya kunyonya maji. Waosha magari wengi wa Moshi na Arusha wanayo, na unaweza kukubaliana nao wakuvutie tu bila kukuuzia huduma nzima. Kama hakuna mashine, tandika taulo kuukuu, panda juu yake, badilisha taulo, endelea.

Ndipo ije dawa. Unayoihitaji ni yenye vimeng'enya, yaani enzaimu, vinavyokata mafuta na protini kuwa vipande vinavyosuuzika. Zipo sabuni za unga za kufulia zenye vimeng'enya, soma nyuma ya pakiti. Zipo pia dawa za chupa za kutoa mkojo wa paka na mbwa kwenye zulia. Ukizipata kwenye supamaketi ni nzuri zaidi kwa kazi hii kwa sababu zimetengenezwa kwa uchafu unaonuka uliozama kwenye zulia. Kimeng'enya kinahitaji mambo mawili ambayo watu hawakipi: kibaki na unyevu, na kipewe muda. Changanya na maji ya uvuguvugu, si ya moto kwa sababu moto unakiua, lowanisha mpaka kwenye pamba, funika kwa karatasi la nailoni na uache kuanzia jioni mpaka asubuhi. Anayenyunyizia na kufuta hapohapo ametupa pesa. Asubuhi suuza, vuta maji, suuza tena.

Hatua inayofuata ni kuua asidi iliyobaki. Chukua bekingi soda, vijiko vinne vya chakula kwa lita moja ya maji, koroga iyeyuke, nyunyizia kila mahali maziwa yalipopita. Bekingi soda inakutana na ile asidi ya butiriki na kuigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani, na kitu kisichoruka hewani pua haikisikii. Hakikisha ni bekingi soda, siyo bekingi pauda, ambayo ina unga na asidi yake yenyewe ndani. Na tafadhali usitumie magadi ya kutia kwenye kiburu au makande. Ni jamaa moja, lakini yale ni makali zaidi, yanachubua rangi ya kitambaa na kuchoma mikono.

Sakafu ya bati ioshe kwa sabuni ya maji na brashi, pamoja na mikunjo ya shimo la tairi. Tafuta vizibo vya raba kwenye sakafu. Ving'oe, maji yatoke chini, pakauke, ndipo uvirudishe. Ukiona kutu imeanza, ikwangue na upake rangi ya kuzuia kutu kabla hujafunika. Asidi ya maziwa na unyevu wa masika havilihurumii bati.

Halafu kukausha, na hapa ndipo kazi za watu wengi zinapoharibika. Jua la Moshi mwezi wa sita na wa saba si la kutegemea, mawingu yanaweza kukaa mpaka saa sita, na kwa wenzetu wa Arusha walio juu mita kama 1,400 ni baridi zaidi. Kapeti na pamba vianike kwenye kamba vipitiwe na upepo pande zote mbili, usivilaze kwenye nyasi. Ndani ya gari fungua milango yote. Ukikosa jua, washa injini gari likiwa nje mahali pa wazi, weka hita na AC kwa pamoja, feni ya juu, dirisha moja wazi kidogo. Inaonekana ajabu kuwasha moto na baridi kwa wakati mmoja, lakini AC inakamua unyevu kutoka kwenye hewa na hita inaipasha moto hewa hiyo kavu ili ikanyonye maji zaidi. Kamwe usifanye hivyo ndani ya banda au gereji iliyofungwa. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo inaua. Usirudishe kapeti mpaka umegusa upande wa chini ukawa mkavu kama karatasi. Ikichukua siku nne, iwe siku nne. Waambie wateja maziwa yatakuja kwa bodaboda.

Kalio la siti lijaribu peke yake: tandika kitambaa cheupe kikavu, kalia kwa nguvu kwa dakika kadhaa, kisha kinuse. Kikinuka, sponji limekunywa. Lioshe kwa utaratibu uleule au mpelekee fundi siti alibadilishe. Sponji nene hukauka polepole kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari.

Sasa twende kwenye soksi. AC inapopoza, hewa inapita kwenye koili ya baridi iliyo ndani ya dashibodi, na maji yanajikusanya juu yake kama yanavyojikusanya nje ya chupa ya soda. Maji hayo hutakiwa kuteremka na kutoka nje kwa kibomba kidogo chini ya gari. Ukizima injini ghafla koili inabaki imelowa, gizani, na vumbi lote la barabara limegandia humo. Koga halihitaji zaidi ya hapo. Sisi wa huku tuna tatizo letu la ziada: AC tunaiwasha kwa nadra, hali ya hewa yenyewe inatosha, kwa hiyo inakaa muda mrefu ikikusanya vumbi, halafu inawashwa msimu wa baridi kufuta ukungu wa kioo na kutupulizia yote usoni.

Anza na filta ya hewa ya ndani. Kwenye IST na Toyota nyingine nyingi iko nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria: fungua, bana kuta zake mbili kuelekea ndani, kishuke, utaona kifuniko chembamba kama droo. Ivute taratibu, itashuka na majani. Ukiiona imekuwa rangi ya udongo, na pengine ina mabawa ya kumbikumbi na maua makavu ya mjakaranda, umejua ulichokuwa unavuta. Usiioshe, nunua mpya. Kwa barabara za vumbi ibadilishe kila mwaka au kila kilomita 15,000, chochote kitakachotangulia. Magari mengine ya zamani yana nafasi tu, filta yenyewe haikuwahi kuwekwa. Ukikuta hivyo, weka.

Pili, angalia kibomba cha maji. Mchana wa joto washa AC dakika 15 gari likiwa limesimama, kisha chungulia chini upande wa abiria wa mbele. Maji yanapaswa kudondoka. Yasipodondoka, na kapeti ya miguuni pa abiria ina unyevu, kibomba kimeziba, na yale maji yanamwagikia ndani. Fundi atakizibua kwa mrija mwembamba laini. Asitie upepo wa kompresa kwa nguvu zote, kibomba kinaweza kuchomoka kwa ndani na ukajikuta umeongeza tatizo.

Tatu, kuna povu la kopo la kusafishia koili. Linapuliziwa kupitia kibomba au kwenye nafasi ya filta, linaachwa lijiyeyushe na kutoka nje na uchafu. Fanya feni ikiwa imezimwa, vaa barakoa, na usielekeze kwenye mota ya feni wala soketi zake. Baada ya hapo tabia ndogo itakusaidia kuliko dawa zote: dakika kama tano kabla ya kufika nyumbani zima AC, acha feni iendelee kupuliza. Koili itakauka njiani. Na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kisibaki kimewashwa siku nzima. Kiwashe ukiwa nyuma ya lori la mchanga, ukishalipita kizime.

Kabla hujafunga kapeti kuna ukaguzi mmoja wa haraka: hakikisha mvua haiingii. Toa majani yaliyojaa chini ya waipa, kwa sababu yakiziba njia ya maji, maji yanatafuta njia nyingine kupitia dashibodi. Kisha mwambie mtu amwagie maji juu ya mlango wa nyuma na taa za nyuma wewe ukiwa ndani ya buti na tochi ya simu. Raba iliyochoka utaiona ikilia.

Utaambiwa mengi na watu. Jik, hapana: inapausha kapeti, inakula bati, na watoto wa shule wakikaa ndani watakohoa. Ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, kwa hiyo zisikae hata ndoo moja. Wapo wanaosafisha siti kwa petroli, na hao sijui niwaambie nini. Buni au kahawa iliyosagwa kwenye bakuli ni pafyumu ya aina nyingine. Kahawa ya Kilimanjaro ninywe, niiweke chini ya siti ya nini? Mkaa wa kupikia unanyonya harufu kidogo, ule uliotengenezwa maalumu kwa kunyonya ndio wenye nguvu, na wote wawili ni wa mwishoni baada ya kusafisha. Mashine ya ozoni ambayo baadhi ya waosha magari wanayo inafanya kazi kweli kwa harufu iliyobaki kwenye kitambaa cha juu, lakini haifiki chini ya kapeti, na gesi yake inaumiza mapafu. Asiwemo mtu wala mnyama ndani inapowashwa, na milango ikae wazi muda mrefu baadaye. Kwa gari lako, leo, ni pesa ya kutupa.

Kwa kuwa wengine wanasoma na si wote wamemwaga maziwa, niseme kidogo. Waliobeba perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wakabaki na shombo, kwao bekingi soda si dawa. Shombo haiko upande wa asidi, iko upande wa pili, kwa hiyo inauliwa na asidi: siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au ndimu, kama jikoni tu. Mbege, ile pombe ya ndizi, ni rahisi kuliko maziwa kwa sababu haina mafuta ya kuganda. Maji baridi mengi na sabuni mapema, kabla haijachachuka zaidi. Aliyenunua gari kutoka Japani likaja na moshi wa sigara, afute vioo kwa ndani, dashibodi, mikanda na kitambaa cha dari. Dari asiilowanishe, gundi itaachia na kitambaa kitaning'inia kichwani. Na harufu ya mzoga inayokuja tu ukiwasha feni ni panya, hasa kwa wanaoegesha karibu na stoo ya mahindi. Hapo vaa glavu na barakoa, lowanisha kiota kwa Jik iliyochanganywa na maji sehemu tisa kabla ya kukitoa, usikifagie kikavu. Hapa Jik ina kazi yake, kwa sababu unaimwagia kiota na si kapeti.

Ziko harufu ambazo si za kusafisha. Petroli ndani ya gari ni kuvuja. Usiwashe, ita fundi. Harufu tamutamu pamoja na ukungu wa mafutamafuta kwenye kioo na unyevu miguuni ni maji ya rejeta yenye kulanti yanayovuja kwenye hita, nayo ni sumu. Mayai viza huenda ni betri inayochajiwa kupita kiasi, na kwenye magari mengi ya haibridi betri la volti 12 liko nyuma ndani, karibu na abiria. Moshi wa ekzosi ukisikika ndani, hasa abiria wakilalamika kichwa au usingizi, fungua vioo vyote na uende gereji siku hiyohiyo.

Tukirudi kwenye biashara yako: dumu la plastiki liache. Kuta zake hushika mikwaruzo ambayo huwezi kuisugua, mfuniko wake ni wa kuzungusha na tope la Kibosho linautikisa mpaka unalegea. Nunua keni ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, yenye mfuniko wa kubana, na uifunge kwa mkanda kwenye mgongo wa siti isimame wima. Chini yake weka beseni pana la plastiki au trei yenye kingo, iingie kwenye buti nzima. Siku keni ikimwagika tena, utabeba beseni nje na kuosha beseni.

Ukimaliza kila kitu, funga vioo vyote gari lishinde juani kuanzia saa nne mpaka saa nane, kisha mwite mtu ambaye hajawahi kulipanda afungue mlango. Wewe pua yako imeshazoea, na mumeo naye ameshaamua gari liuzwe, hawezi kuwa shahidi. Akisema bado pana uchachu kwa mbali, usianze upya. Nusa reli za siti, nusa kile kifuko cha jeki, halafu nusa mikanda ya nyuma, ambayo miisho yake ya chini imefungwa palepale maziwa yalipopita. Mkanda uvute wote mpaka mwisho, uufue kwa sabuni laini ya maji, ubane kwa kibanio cha nguo pale juu ili usijirudi, na usiuachie uingie kwenye kikasha chake kabla haujakauka kabisa.